Tui la Dukani na Mbuzi Nyuma ya Mlango

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliikumbuka kauli hiyo Jumapili moja asubuhi, nyumbani kwangu Kisauni, nilipowekewa sahani ya mbaazi na mahamri mawili. Nikatia tonge la kwanza kinywani, na badala ya kulimeza nikabaki nalo shavuni kama mtoto aliyelishwa dawa.

Rangi ilikuwa ile ile. Mbaazi zilikuwa zimeiva, chumvi imekaa mahali pake, pilipili haikuzidi. Lakini tui, ndugu msomaji, halikuwako. Palikuwa na weupe, palikuwa na uzito, palikuwa hata na harufu ya kufanana na nazi. Nazi yenyewe ndiyo iliyokosekana.

Nikasema, kwa sauti ya mwanamume aliyezoea kupikiwa, "Mama watoto, mbaazi hizi zimetiwa nini leo?"

Mwenzangu hakugeuka. Alikuwa akiliopoa hamri la mwisho katika mafuta. "Zimetiwa tui la pakiti," akasema. "Na si leo. Huu ni mwezi wa tatu. Pakiti za kwanza zilikuwa na afadhali, ndipo hukujua. Hii mpya ndiyo iliyokufichulia." Kisha akafuta mikono, akanitazama. "Bega langu halikuni tena, baba watoto. Kama wataka tui la kukuna, mbuzi iyo pale nyuma ya mlango."

Nikanyamaza. Mwandishi hupata riziki yake kwa maneno, walakini yako maneno ambayo hayana jibu la papo kwa papo. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu neno lile, na naungama tangu mwanzo kwamba sikutumaini kumshinda aliyelisema.

Msomaji wa bara huenda akauliza, makelele yote haya ni ya sahani ya mbaazi? Naam, ni ya sahani ya mbaazi. Sisi wa ng'ambo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, tumeizunguka Mombasa ya kisiwani kama mafiga matatu yanavyoizunguka sufuria, na katika mafiga yote hayo asubuhi huanza kwa mbaazi. Nenda Likoni kabla ya jua kuchomoza, uwaone wanaokimbilia feri wakisimama kidogo kwa mama mwenye sufuria na ndoo ya mahamri. Nenda Magongo, Changamwe, uwaone wa bandarini na wa viwandani wakila kwa haraka huku saa ya kuingia kazini inawaita. Tajiri hula mbaazi, maskini hula mbaazi, na harusi ikilala usiku, asubuhi yake wageni huamshwa kwa mbaazi. Ni chakula cha watu wote, na ndiyo maana kikiharibika huwa kimeharibika kwa watu wote.

Kila watu wana mbaazi zao. Ndugu zetu wa Shamu wana homsi, zile dengu kubwa ambazo Wahindi wetu huziita chana, zikachemshwa na kupondwa, zikatiwa ufuta uliosagwa, ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Walubnani wanaionea wivu homsi yao kiasi kwamba mwezi wa Mei 2010 walikusanyika wakaandaa sahani moja ya kilo 10,452, hesabu iliyo sawa na kilomita za mraba za nchi yao, ili ulimwengu ujue chakula hicho ni cha nani. Waweza kucheka, lakini ndani ya kichekesho hicho mna watu wanaojua thamani ya chao.

Homsi hiyo hiyo ilipohamia katika vikopo vya plastiki vya supamaketi za Ulaya, ikapatwa na yaliyozipata mbaazi zangu. Mwezi wa Aprili 2017, huko Uingereza, maduka makubwa kadhaa yaliiondoa homsi rafuni baada ya wateja kulalamika kwamba ina ladha ya chuma. Watu wakashangaa, vipi maduka mbalimbali yanayoshindana yauze chakula chenye kasoro moja siku moja? Ikafahamika kwamba mtengenezaji mmoja ndiye aliyekuwa akiwatengenezea kadhaa kati yao. Majina mengi, chungu kimoja. Mnunuzi alidhani anachagua, kumbe anachagua kifuniko tu.

Turudi Kisauni. Baada ya chai ile nilikwenda jikoni nikaiokota pakiti mpya katika taka. Mwenzangu, ambaye hatupi kitu, alikuwa ameihifadhi moja ya zile za mwanzo, ameikata mdomo na kuigeuza pahala pa kutilia vibanio vya nguo. Nikaziweka pakiti mbili hizo mezani, nikavaa miwani. Kampuni moja, picha moja ya mnazi ulioinamia bahari, bei imepanda kidogo. Lakini katika yale maandishi madogo ya nyuma, ambayo yameandikwa kana kwamba hayataki kusomwa, pakiti ya zamani ilianza kwa kutaja nazi, kisha maji. Pakiti mpya ilianza kwa kutaja maji, kisha nazi.

Huenda msomaji akaona hilo ni jambo dogo. Si dogo. Kanuni ya maandishi hayo, inayofuatwa karibu dunia nzima, ni kwamba kilicho kingi hutangulia na kilicho kichache hufuata. Pakiti ya kwanza ilikuwa ni nazi iliyotiwa maji. Hii ya pili ni maji yaliyotiwa nazi. Na hakuna aliyepiga mbiu kututangazia kwamba mambo yamebadilika. Mnazi katika picha ulikuwa umeinama vile vile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tuliwasifu kwa kununua, wao wakajibu kwa maji.

Sasa, maji hayawi mazito bila ya kuzitowa. Hebu tuangalie tui lenyewe ni nini. Tui ni mafuta ya nazi yaliyotawanyika katika maji kwa vitone vidogo mno. Ukikamua tui la kukuna ukaliacha kwa saa chache, litajitenga, mafuta juu na maji chini. Ukilitia motoni ukalisahau, litakatika. Ndiyo maana mpishi wa tui zito hatoki jikoni. Husimama na upawa wake akilikoroga na kuliteka taratibu mpaka lichemke pamoja na mbaazi. Na ukilikamua asubuhi katika joto letu hili, jioni limekwisha kuchacha. Tui ni kitu hai. Lataka mtu wa kulitazama.

La kiwandani halitaki mtu. Limepashwa moto wa kuua vijidudu, likatiwa gundi ya maharagwe ya guar au nyingine kama hiyo ili lionekane zito, na likatiwa vifungamanishi ili mafuta na maji yasiachane. Lile la unga mara nyingi hutiwa pia protini ya maziwa ya ng'ombe ili livurugike vizuri, hata mtu anayedhurika kwa maziwa akala wali wa nazi na kuugua asijue kwa nini. Sisemi vitu hivyo ni sumu. Vimeruhusiwa, na mamilioni ya watu huvila. Nasema tu kwamba kila kimojawapo huifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na nazi nyingi na mkono wa mtu, na kadiri nazi inavyopunguzwa ndivyo hivyo vingine vinavyoongezwa ili ulimi usigutuke.

Kwetu sisi Waislamu, jambo hili lina upande mwingine. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, watu wote, si waumini peke yao, wameamrishwa kula kilicho halali na kilicho twayyib. Maneno mawili, si moja. Nachelea tumekuwa watu wa neno la kwanza tu. Tukiona alama ya halali juu ya pakiti tunatia kikapuni, tukadhani tumemaliza. Halali ni kwamba kitu hakikukatazwa. Twayyib ni kwamba kitu ni kizuri, safi, chenye manufaa na kisicho na hila ndani yake. Na hata hilo neno la kwanza lina kazi yake, kwani yako majina na nambari katika pakiti hizi, kama ile E471, ambayo yaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na nambari yenyewe haikwambii ni mnyama gani wala kachinjwaje. Palipo na alama ya wakaguzi wetu wa halali pana afadhali. Pasipo na alama, mnunuzi anafunga macho na kutia tonge.

Nilipokuwa mtoto chuoni, Likoni, tuliihifadhi Suratul Mutaffifin pamoja na sura nyingine za Juzuu Amma, tukiitikisa miili yetu na kupaza sauti bila ya kujua tusemalo. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakuturuhusu kuivuka mpaka atufahamishe kwamba imewashukia wapunjao vipimo. Akatusimulia na ile hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka akatia mkono ndani, vidole vyake vikatota. Akamuuliza mwenye mali ni nini hii, akajibiwa kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akaeleza kwamba mwenye kudanganya si katika yeye.

Naomba msomaji aizingatie habari hiyo. Nafaka ile haikuwa haramu. Mtu yule hakuiba. Mvua ilinyesha, nayo si kosa lake. Kosa lilikuwa kuficha maji chini na kuonyesha ukavu juu. Nami nikizitazama pakiti zangu mbili, naona chungu ile ile. Ukavu umechorwa mbele kwa rangi, pamoja na mnazi na bahari. Maji yamewekwa nyuma, kwa herufi ambazo mzee wa miaka hamsini na kitu hazioni ila kwa miwani, na kwa Kiingereza ambacho mama wa Mtopanga hakusomeshwa.

Na sokoni waweza kutia mkono. Dukani huwezi. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Mwezi wa Julai 2019 televisheni ya NTV ilionyesha uchunguzi wake kuhusu nyama iliyouzwa katika baadhi ya supamaketi za Nairobi, ikitiwa sodiamu metabisalfaiti ili ibaki na wekundu wa nyama mpya. Watu waliokuwa wakiikimbia bucha ya mtaani kwa sababu ya nzi, wakajua kwamba huenda nzi alikuwa shahidi mwaminifu kuliko kioo cha friji. Miezi michache baadaye, Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu iliyozidi kiasi. Ulikuwa ni unga wa pakiti, wenye majina makubwa, si unga wa kupimiwa na kibaba. Mwaka haukupita vizuri, Januari 2020 wadai wa Nakumatt, duka ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote Kenya na ambalo lilikuwa na tawi hata Nyali yetu, wakapiga kura lifungwe. Taa zikazimwa, marafu yakauzwa. Mama wa nazi wa Kongowea alikuwa hapo kabla yake, na yupo hapo leo.

Lakini sitaki kuandika yale makala ambayo tumeyasoma mara nyingi, ya mzee anayelalamika kwamba zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Zamani palikuwa na nazi mbovu, na nazi mbovu harabu ya nzima. Palikuwa na joya zisizo na kitu ndani, na palikuwa na wauza mbaazi waliotia unga wa ngano katika tui ili lizidi. Ujanja haukuletwa na supamaketi. Tena viko viwanda vya papa hapa pwani vinavyonunua nazi za wakulima wa Kwale na Kilifi na kuuza tui la heshima, na katika wakati ambao minazi mikongwe inaliwa na chonga, mingine inaangushwa kwa mbao na mashamba kukatwa viwanja, mwenye kumpa mkulima sababu ya kuuacha mnazi wake umesimama anastahili shukrani.

Na liko jambo zito kuliko hayo yote, ambalo sisi wanaume tunaoandika habari za chakula hatulitaji. Tui la kukuna, tunalolililia, lilikunwa na nani?

Marehemu mama yangu alikuna nazi kila siku ya Mungu. Nazi mbili kwa wali, moja kwa mchuzi, na mgeni akija, ya nne. Katika mwezi wa Ramadhani zilizidi, kwa kuwa palikuwa na mihogo ya nazi, na ndizi, na mbaazi, na samaki wa kupaka. Aliketi juu ya mbuzi baada ya Alasiri, amefunga, kiu kimemkausha midomo, jua la Likoni linaingia jikoni kwa kila tundu, na nazi inazunguka mikononi mwake. Kisha kukamua, tui la kwanza, la pili, la tatu, kwa kifumbu, mpaka chicha ikauke kama mchanga. Wakati huo sisi wanaume, wakubwa kwa wadogo, tulikuwa tumejilaza msikitini penye upepo, tukiingoja Magharibi kwa subira kubwa. Tulipofuturu tulisema, "Leo mihogo imekubali." Hakuna aliyeuliza bega la mama linaumaje.

Kwa hivyo mwenzangu aliponielekeza nyuma ya mlango, hakuwa anatetea pakiti. Alikuwa ananidai deni la miaka mingi, lake na la mama yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kongowea. Nilikuwa nimekwisha kupita soko lile mara elfu, lakini si kwa shughuli hiyo. Mama mmoja aliyeketi kando ya rundo lake aliniona nikizitazama nazi kama mtu anayetazama maandishi ya Kichina, akanihurumia. "Baba, itikise karibu na sikio," akasema. "Usiposikia maji, iwache. Na macho yake yatazame, yasiwe na ukungu." Nikatikisa, nikasikiliza, nikanunua mbili kwa shilingi 50 kila moja. Kwa bei ya ile pakiti ningepata tatu na chenji ya ndimu. Hatua chache kutoka pale palikuwa na kijana mwenye mashine ya kukunia, anakukunia nazi yako mbele ya macho yako kwa senti kidogo, na wanawake walikuwa wamepanga mstari. Nikajisemea kwamba hao ndio wenye akili. Mashine si adui. Adui ni kufichwa. Nazi yako imeingia, nazi yako imetoka, na hapana aliyeipita njiani.

Mimi lakini nilikuwa na deni, na deni halilipwi kwa mashine. Nikazichukua nazi zangu nyumbani, nikaitoa mbuzi nyuma ya mlango, nikaipangusa vumbi, nikaketi. Ndugu msomaji, nimeandika mashairi ya kila bahari, nimehariri magazeti usiku wa manane, sijapata kufanya kazi iliyonidhili kama ile. Nazi ya kwanza iliteleza ikanichana kidole gumba. Ya pili niliikuna kwa hasira mpaka nikaufikia ule utando wa kahawia, nazi ikaingia madoa. Mwenzangu aliyekuwa akichambua mchele akauliza kwa upole, "Waikuna nazi, au wakikuna kifuu?" Binti yangu mdogo, aliyekwisha kumaliza shule ya upili, alikuja kunitazama kama atazamaye sarakasi, kisha akauliza chicha ni nini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Nilidhani tulikuwa tumepoteza ladha. Kumbe tulikuwa tunapoteza maneno, na neno likishatoka nyumbani, kitu chake hakirudi.

Nilipomaliza, mgongo ulikuwa unalia na mkono unatetemeka. Mbaazi zilikuwa zimekwisha kulowekwa usiku na kuchemshwa. Tukatia tui jepesi kwanza, na kitunguu, na bizari, na pilipili, likachemka likazama ndani ya mbaazi. Mwisho tukatia lile zito, nikasimamishwa na upawa mkononi, nikaamrishwa nisitoke. Sikutoka. Tui halikukatika.

Hapo ndipo nilipolifahamu jambo ninalotaka kulisema leo. Ladha iliyokosekana katika ile sahani ya Jumapili haikuibiwa na duka peke yake. Sisi tuliikabidhi. Tulimwachia mwanamke mmoja kazi ya watu wanne, naye alipochoka akaingia mtu wa pakiti akasema, nitakusaidia mimi. Nani angemkataa? Na mtu wa pakiti, alipoona kwamba hatuna tena njia ya kurudi, mikono imesahau na mbuzi ina vumbi, akaanza kutia maji. Mwenye duka hupunguza nazi kwa kiasi anachojua kwamba mnunuzi hawezi tena kukamua yake. Nyumba ambayo bado yajua kukamua tui haidanganyiki, hata ikinunua la pakiti siku sita katika wiki, kwa sababu siku ya saba inao mizani ya kupimia.

Basi nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wenye viwanda na wenye maduka. Andikeni mbele ya pakiti, kwa tarakimu kubwa na kwa Kiswahili, nazi ni kiasi gani. Mkipunguza, semeni mmepunguza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Na kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Habari iliyoandikwa kwa herufi za mchwa, katika lugha asiyoijua mnunuzi, si habari. Ni ile nafaka iliyorowa chini ya chungu.

La pili ni kwa wakubwa wa kaunti na wa viwango. Mlipima unga mkapata ujasiri wa kutaja majina. Pimeni na tui, pimeni na yale mafuta na asali zinazouzwa kwetu wakati wa Ramadhani, mtuambie mlichokiona. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliisifu Kenya kwa juhudi zake za kuvihifadhi vyakula vya asili, ikaiweka kazi hiyo katika orodha ya mifano mizuri ya kuigwa duniani. Hiyo ni heshima kubwa, lakini vyakula havihifadhiwi katika orodha. Huhifadhiwa katika sufuria.

La tatu ni kwetu, wanaume wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Tusiseme tena, "Mbaazi zimetiwa nini?" mpaka tuwe tumekuna. Si kila siku. Sina haja ya kuwadanganya, mimi mwenyewe ni wa Jumamosi tu. Siku nyingine mwenzangu hupeleka nazi mashinani, na siku nyingine, kukiwa na haraka, pakiti huingia jikoni, ila sasa huingia ikiwa imesomwa nyuma kwanza. Jumamosi ni yangu. Mwanangu wa kiume ameanza kufua nazi, na binti yangu ajua sasa chicha ni nini, na ajua pia kwamba ndugu yake anaweza kuikamua. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Hawakusema mbacha huo ufumwe na mtu mmoja peke yake.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi, na kidole kilipokuwa kimefungwa kitambaa sikuwa na kazi nyingine, nilitunga ubeti mmoja:

Tui la nyumba ni tui, lilokamwa kwa mikono,
La mkebe silijui, lina maji na maneno,
Kukuna hakukuui, mume wacha majivuno,
Mbuzi kwani ni adui, hata uikwepe mno?

Nikamsomea mwenzangu akiwa anaonja mbaazi za Jumamosi ya tatu. Alizitia kidole, akalamba, akafikiri kwa muda mrefu kuliko haja.

"Bado zina kifuu," akasema. Kisha akajipakulia.